Godauni la boriti la babu: ni urithi au ni banda tu?

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Nifupishe ulichouliza ili na mwingine akisoma aelewe: babu kawaachia godauni la boriti hapo Lamu ukingoni mwa maji, kuta za mawe hadi kifuani, juu wazi, nguzo za mti, paa la bati limeshaoza, ndani zimebaki korija (neno hili nitalieleza chini) mbili tatu za boriti kavu na mavumbi tele. Ami yako anataka livunjwe pajengwe lojing ya watalii, dada zako wanasema ni urithi lisiguswe, na wewe uko Mombasa unauliza hivi kweli kitu kisicho na nakshi wala mlango wa kuchonga kinaweza kuitwa urithi, au ni mapenzi tu ya wajukuu. Na ukaongeza kuwa binamu yako wa Kuwait kakwambia dari za nyumba za kale huko ni boriti za kwetu, ukadhani anakufurahisha roho.

Hakufurahishi roho, kasema kweli. Huko Ghuba ukiwauliza wazee watakwambia chandal, Bahrain wanaigeuza wanasema danchal, na hiyo ndo boriti yenyewe, mti wa mkoko uliokatwa kwetu. Ule upande hauna msitu, wana mtende, na mtende ukiutia darini ni mnene na hauaminiki sana, sasa tangu zamani wakawa wanakuja kuchukua mti huku. Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, ameandika habari za Siraf, bandari kubwa ya Uajemi wakati ule, kwamba nyumba zake zilijengwa kwa msaji na kwa mti uliotoka nchi ya Zanji. Zanji ni sisi. Kwa hiyo biashara ya babu yako usiihesabu kuanzia babu yako, ina miaka elfu na zaidi, yeye alikuwa kwenye mkia wake.

Sasa fanya jambo moja ukirudi Lamu, chukua tepu uingie nyumba yoyote ya mawe ya zamani, ya kwenu au ya jirani, upime upana wa msana, yaani ukumbi wa mbele, au wa ndani, ukuta hadi ukuta. Utapata mita 2.5, 2.6, ikizidi sana 2.8. Urefu wa chumba wanaweza kuuvuta watakavyo lakini upana hauendi, na ukienda Gedi kwenye magofu utakuta vyumba vyembamba vile vile, na ukifika Muharraq kule Bahrain au Sharjah nyumba za matajiri wa lulu nazo ni hivyo hivyo, majumba makubwa yenye vyumba kama vichochoro. Watalii wanaambiwa ati ni kwa sababu ya joto, au ni mila. Sababu kubwa ni mti. Boriti moja inashika kutoka ukuta huu hadi ule, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, dari nzito mno, ukiongeza urefu wa mti unapinda. Fundi hakukaa akachagua upana, upana ulishachaguliwa huko mikokoni na yule aliyekata. Na kabla ya kufika kwa fundi ule mti ulipita wapi? Ulipita kwenye godauni kama hilo la babu yako, ukapimwa, ukatengwa, ukahesabiwa. Kwa hiyo unaponiambia halina nakshi mi nakwambia nyumba zote zenye nakshi na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilianzia kwenye vibanda kama hivyo.

Lakini hilo bado sio jibu lenyewe, manake mtu anaweza kusema sawa, mti ni muhimu, ila banda la kuwekea mti ni banda tu, mti ungewekwa hata ufukweni. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi hata wenye vyeti vya urithi hawalioni.

Biashara hii ilikuwa na saa mbili zisizokwenda pamoja. Saa ya kwanza ni ya maji. Mkataji haendi mikokoni siku anayotaka, anangoja bamvua, maji yajae sana ndo dau liingie ndani kwenye vijito kule Dodori au Mongoni, apakie, atoke nalo kabla maji hayajamwacha kwenye tope. Mkoko mbichi ni mzito ajabu, mara nyingi ukiutupa majini unazama, huwezi kufunga magogo pamoja ukayaelea kama wanavyofanya wenzetu kwenye mito ya Ulaya, lazima ubebe begani upite kwenye tope la magoti, upakie chomboni. Bamvua zinakuja mbili kila mwezi, kwa hiyo mti unafika mjini kidogo kidogo, mwaka mzima. Saa ya pili ni ya upepo. Majahazi ya Ghuba yanashuka na kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka huko, yanaleta tende, chumvi, mazulia, na yanarudi kusi inapoanza, Aprili Mei, mara moja kwa mwaka, basi. Nahodha akifika hana nafasi ya kumngoja mkataji aende bamvua nne au tano, kusi ikishakaza sawasawa bahari inafunga. Anataka akute korija zake tayari, kavu, zimepangwa daraja daraja, apakie aondoke.

Sasa bamvua na kusi zikutane wapi? Zinakutana kwenye godauni. Hiyo ndo kazi yake, sio kufichia mti mvua, ni kuunganisha saa ya tope na saa ya upepo. Likiondoka hilo banda mkataji anakata mti usiokuwa na mnunuzi na nahodha anafika kwenye bandari isiyo na shehena. Kwa lugha ya hawa watu wa urithi wa viwanda, hiyo ni mashine. Haina moshi wala gurudumu, lakini ni mashine. Ndo maana lina kuta nusu na juu liko wazi: mkoko ukikaukia juani unapasuka, ukikaukia pasipo upepo unaingia ukungu, kwa hiyo unataka kivuli na upepo pamoja, na aliyejenga kajua. Sio kwamba babu aliishiwa mawe, kama ami anavyosema!

Tuje kwenye kuhesabu, maana hapo pia pana utamu. Umeandika "korija" bila kuieleza, ina maana kwenu bado ni neno la nyumbani, lakini vijana wengi hawalijui. Korija ni ishirini. Neno lenyewe limekuja kwa njia ya Wahindi, na nguo za jora nazo zilihesabiwa hivyo hivyo. Mkataji alilipwa kwa korija, ushuru wa misitu ulitozwa kwa korija, nahodha alinunua kwa korija, kwa hiyo kitu kimoja kinapita mikono mitatu kwa kipimo kimoja, na ugomvi wote unahamia kwenye daraja. Fito ni zile nyembamba za kusukia ukuta wa udongo, juu yake pau, kisha mazio, kisha boriti yenyewe, halafu nguzo, vigingi, na banaa kule mwisho. Tofauti ya mazio na boriti ni unene wa kidole hivi, lakini bei sio moja, basi fikiria zogo. Ndo maana kwenye magodauni mengi pana mahali pa kupimia, wengine walikuwa na kipande cha ubao kilichokatwa matundu, wengine mikato kwenye nguzo ya mlangoni. Kwenye picha ulizonitumia nimeona nguzo ya kushoto unapoingia ina mikato kama mitano hivi, haiendi sawa na wala sio ya panya. Nitairudia.

Na mti wenyewe sio mmoja, watu wanasema mkoko kama vile ni mti mmoja. Boriti nyingi nzuri ni mkoko wenyewe, kuna msinzi ambao wengine wanauita muia, kuna mkandaa, hii mitatu ndo ya kujengea. Mchu haufai boriti, unafaa ngalawa, kuni, kuchomea chokaa. Mkomafi ni wa useremala, na mlilana walikuwa wakitoa mataruma, yaani mbavu za vyombo. Majina yanabadilika ukihama kijiji, Rufiji watakubishia nusu ya haya, lakini wazee wa Kizingitini na Faza nawaamini kwa sababu wao ndo walikuwa wakataji, Wabajuni walikuwa wanakaa mikokoni wiki kwa wiki, maji ya kunywa wanabeba, mbu usiseme, wanakula samaki na unga waliokopeshwa na mwenye leseni ya kukata. Na hapo pana upande ambao hautakufurahisha: mwenye leseni aliyekopesha unga mara nyingi ndo mwenye godauni. Hesabu ilikuwa mikononi mwake. Mkataji anaweza kurudi na korija nyingi akakuta deni la posho limezimeza zote. Sisemi babu yako alikuwa hivyo, nasema ukitaka kulihifadhi hilo jengo ulihifadhi na hesabu zake zote, usije ukaandika kibao cha "tajiri mkarimu wa boriti" ukamsahau aliyebeba.

Kwa ukubwa wa jambo, Lamu tulikuwa na mwenzetu, delta ya Rufiji, hekta 50,000 na kitu za mikoko pahala pamoja. Wajerumani waliiweka chini ya idara ya misitu tangu 1898, ni katika misitu ya mwanzo kabisa kuwekewa mpaka Tanganyika, na hawakuifanya kwa kupenda ndege, walitaka ushuru. Kule pia waliuza magome, manake gome la mkoko lina rangi nyekundu kali ya kulainishia ngozi viwandani, likasafirishwa hadi Ulaya. Mwaka 1939 baharia mmoja Muaustralia, Alan Villiers, aliingia Rufiji na jahazi la Kuwait, wakakaa humo wiki kadhaa wakipakia boriti kwa ajili ya Ghuba, na alikuwa amepanda tangu Aden, kapitia pwani yote ya Hadhramaut, Lamu, Mombasa, Unguja. Picha zake ziko, ukiziona utaona jinsi boriti zinavyopangwa hadi jahazi linakaribia kuzama, na mabaharia wamelala juu yake. Rufiji hiyo hiyo wengi wanaijua kwa manowari ya Königsberg iliyojificha humo vita vya kwanza ikazamishwa Julai 1915, vitabu vimejaa habari ya meli moja iliyokaa miezi kadhaa, na boriti zilizotoka mle karne kwa karne hazina hata kibao.

Biashara hii ilikufa vipi? Haraka, kuliko watu wanavyodhani. Mafuta yalipoanza kutoa pesa Ghuba, miaka ya hamsini na sitini, ikaja simiti na nondo, chumba kikawa na upana unaoutaka, nani tena anataka mita 2.7. Wanunuzi wakapungua mwaka kwa mwaka, kisha 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kupeleka boriti nje, na hapo godauni kama la babu yako likabakia na soko la humu humu, Mombasa, Malindi, wajenzi wa makuti. Februari 2018 wakafunga kukata miti kwenye misitu ya serikali na ya jamii nchi nzima kwa muda, na Lamu ikaumia kwa sababu zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwetu na kuna vijiji havina kazi nyingine. Nakubali mikoko ilikuwa imekatwa vibaya sehemu nyingi, hasa karibu na mji, sibishi. Ila inaniuma kidogo kuwa aliyebebeshwa lawama ni mwenye shoka peke yake.

Haya, sasa jibu. Ndiyo, ni urithi, na wala sio kwa mapenzi ya wajukuu. Kwetu tuna mazoea ya kuona urithi ni msikiti, ngome, jumba la sultani, kitu cha mtu mkubwa. Kazi hatuihesabu. Ukisema urithi wa viwanda mtu anafikiria reli, au katani ya Tanga, kitu kilicholetwa na mzungu chenye injini. Lakini hebu tazama walivyofanya Bahrain: mwaka 2012 UNESCO waliandika Muharraq kwenye orodha ya dunia kwa ajili ya lulu, na hawakuandika jumba moja zuri, waliandika mnyororo mzima, maeneo 3 ya chaza huko baharini, kipande cha ufuo walipoondokea wazamiaji, ngome ndogo ya Bu Mahir, na majengo 17 mjini, nyumba za matajiri, mastoo, maduka, hata nyumba ya mzamiaji. Kazi kutoka chini ya bahari hadi sandukuni. Na kwa kejeli ya mambo, majengo hayo hayo ndo yale yenye dari za danchal nilizokwambia mwanzo. Boriti zetu zinalindwa kule zikiwa dari, na huku zilipohesabiwa tunataka kuweka lojing.

Kwa upande wa sheria usitishwe na mtu atakayekwambia jengo halijafika miaka mia. Sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya 2006 ina ule mwaka 1895 kwa vitu vya kale vya kuhamishika na vingine vichache, lakini jengo au mahali panaweza kutangazwa na waziri kuwa kumbukumbu hata kama umri wake ni wowote ule, mradi pana maana ya kihistoria, ya utamaduni, ya ujenzi, hata ya ufundi wa kazi. Neno hilo la ufundi ndo mlango wenu. Jambo la kuangalia kwanza ni kama kiwanja kiko ndani ya mpaka wa mji wa kale ulioingia orodha ya dunia 2001, ule mpaka ni mdogo, hekta 16 hivi, na wengi wenye viwanja pembeni wanadhani wamo kumbe hawamo, au hawamo kumbe wamo. Kama mmo, ami hawezi kuvunja hata akitaka, lazima apite kwa watu wa makumbusho wapitishe plani. Kama hammo, anaweza, na ndo maana nakuhimiza uende wiki hii usingoje likizo.

Ukienda fanya hivi, na usimpeleke fundi kwanza, nenda peke yako na simu na daftari. Tazama sakafu pembeni ukutani, ukikuta madoa mekundu ya kahawia yasiyotoka kwa maji hapo palikaa magome, na magome yaliuzwa kwa mizani sio kwa korija, kwa hiyo angalia juu kama kuna kulabu au mti wa kutundikia mizani. Chomoa msumari mmoja uliolegea, ukiwa na pembe nne huenda ni wa kufuliwa, wa zamani, ukiwa mviringo ni wa waya, ni wa baadaye. Geuza bati moja uangalie chini kama kuna mhuri wa kiwanda. Nguzo za kubeba paa gusa kwa kisu pale chini zinapoingia ardhini, hapo ndo zinapooza, juu utazikuta ngumu kama chuma. Halafu karatasi! Kila mtu anasahau karatasi. Leseni, stakabadhi za ushuru, daftari la hesabu, liwe kwa herufi za Kiarabu au Kigujarati au lolote, msichome hata kipande, jengo bila daftari ni nusu. Na wazee waliokata, kama yupo hata mmoja Faza au Ndau, mkae naye arikodiwe mwaka huu, kwa sababu jengo linaweza kungoja na yeye hangoji.

Kuhusu lojing, mi simchukii ami yako. Godauni tupu lisiloingiza senti litaanguka lenyewe, nimeyaona yakianguka huku wenye urithi wakigombana. Banda lile lina kivuli na upepo bure, linafaa karakana ya mafundi wa vyombo, linafaa mkahawa, linafaa hata kulaza wageni sehemu ya nyuma kama vyumba vitasimama peke yake bila kushika nguzo za zamani. Ila kuta msizipige plasta ya simiti. Mawe ya matumbawe yanapumua, ukiyafunga kwa simiti chumvi na unyevu vinabaki ndani vinakula ukuta, miaka michache unabomoka wenyewe, na chokaa ipo, mafundi wa chokaa Lamu wapo. Boriti za paa zilizooza msibadilishe zote kwa mara moja ati zifanane, toa zilizokufa tu, na ukitaka mpya pita ofisi ya misitu kwa kibali, usinunue za usiku.

Na ile nguzo ya mlangoni yenye mikato. Fundi wa kwanza atakayeingia atataka kuipiga randa iwe laini apake vanishi, usimruhusu. Pima upana wa kila mkato kwa milimita uniandikie, kisha chukua boriti moja katika zile korija zilizobaki uisimamishe pale uone inaingia mkato wa ngapi. Ikiingia sawasawa mpigie ami yako umwite aje aone mwenyewe.